Barua ya wazi kwa wanaogombea Bodi ya Elimu ya Texas: Kihesabuni Kiswahili cha watoto wetu

Waheshimiwa wagombea,

Nawasalimu kutoka kusini-magharibi mwa Houston, kwenye maghorofa ya Gulfton, ambako jioni harufu ya maharage na mafuta ya mawese hupanda ngazi pamoja na watoto wanaotoka shule. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Ndiyo lugha ninayoweza kusemea jambo zito bila kulipunguza uzito. Tena nataka majirani zangu wasome wenyewe nilichowaambia, maana nao ni wapiga kura wenu. Mkihitaji mkalimani, hapa wapo wengi. Mimi nimewakalimania akina mama wenzangu kwenye ofisi za shule kwa miaka minane sasa, na najua kazi hiyo inavyobeba matumaini ya watu.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, nikafika Texas mwaka 2016. Mwaka 2022 nilikula kiapo cha uraia, na Novemba ya mwaka huohuo nikapiga kura yangu ya kwanza. Aliyewahi kupiga kura Kaunti ya Harris anaijua karatasi yetu ilivyo ndefu: gavana, wabunge, kisha majaji, majaji, majaji. Katikati ya hayo yote nikakuta kiti cha Bodi ya Elimu ya Jimbo. Maelezo yalikuwepo kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Majina ya wagombea sikuwahi kuyasikia mahali popote, wala sikujua bodi hiyo inafanya nini. Sikutaka kubahatisha juu ya shule za watoto wangu, nikakiruka kile kiti. Nilijuta nilipofika kwenye gari, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma bodi yenu kama mtu anayesomea mtihani.

Kwa ajili ya majirani zangu, niseme kwa ufupi nilichojifunza. Bodi ina wajumbe 15, kila mmoja akichaguliwa na eneo lake kwa kipindi cha miaka minne. Kwa sensa ya 2020, eneo moja la bodi lina watu karibu milioni 1.9. Seneta wa jimbo anawakilisha kama 940,000, na mbunge tunayempeleka Washington kama 767,000. Kwa hiyo mjumbe mmoja wa bodi hii anasemea watu wengi kuliko hao wawili wakijumlishwa, na hana mshahara. Hurudishiwa gharama za safari tu. Bodi ndiyo inayoandika viwango vya mtaala kwa wanafunzi wapatao milioni 5.5, ndiyo inayoidhinisha vitabu vya kiada, ndiyo inayoweka masharti ya kuhitimu sekondari, na inaweza kuzuia shule mpya za mkataba, yaani shule za umma zinazoendeshwa na mashirika kwa mkataba na jimbo, ambazo kamishna wa elimu amezipendekeza. Mwenyekiti wake huteuliwa na gavana, lakini wajumbe wote 15 tunawachagua sisi.

Kwetu Houston kuna sababu nyingine ya kukipa kiti hiki uzito. Juni 2023 kamishna wa elimu, ambaye naye ni mteule wa gavana, aliiweka pembeni bodi ya shule tuliyoichagua hapa mjini, akateua wasimamizi 9 na mkuu mpya wa shule zote za wilaya yetu. Mwaka 2025 usimamizi huo ukaongezwa hadi Juni 2027. Mzazi wa Houston mwenye neno kuhusu elimu ya mwanawe leo hana mtu wa karibu aliyemchagua ambaye ana mamlaka ya kuamua. Waliobaki ni wabunge na ninyi. Basi neno langu nalileta kwenu.

Mwaka 2022 familia moja ilihamia jengo letu ikitokea Nyarugusu. Walikuwa na kijana wa miaka 16, mrefu, mpole, mwepesi wa hesabu. Mama yake alinigongea akiwa na mfuko mweupe wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ule tulioshuka nao wote uwanja wa ndege. Ndani, chini ya karatasi za afya na za safari, zilikuwemo bulteni zote za mwanawe, yaani ripoti za matokeo yake ya shule. Shule za Wakongo pale kambini zinafuata mtaala wa Kongo, kwa hiyo bulteni ziliandikwa kwa Kifaransa, zina mihuri ya wino wa zambarau uliofifia kidogo kwenye mikunjo. Yule mama hakuwahi kusoma. Lakini zile karatasi alizitunza tangu Tanzania, na kwenye ndege alizipakata mpaka wanatua.

Tukaenda naye shule. Mezani kwa mshauri wa wanafunzi nilizitandaza moja baada ya nyingine, nikawa naonyesha kwa kidole: hii aljebra, hii kemia, hii biolojia, hii sarufi ya Kifaransa. Mshauri alikuwa mtu wa upole, na nampa haki yake. Alizitazama, akaigeuza moja kuona kama nyuma kuna kitu, akazirudisha ndani ya mfuko kwa adabu. Akasema hana namna ya kuziingiza kwenye kompyuta. Kijana akaandikwa darasa la tisa, krediti sifuri, yaani hakuna somo hata moja alilohesabiwa kuelekea kuhitimu. Halafu, kwa kuwa anayehitimu Texas kwa kawaida anatakiwa awe na krediti mbili za lugha moja isiyo Kiingereza, akampangia Kihispania cha mwanzo.

Mtoto huyo alikuwa anaongea Kibembe na bibi yake, Kiswahili na sisi sote, Kifaransa alichosomea miaka yote ya shule, na Kirundi alichokiokota kwa wenzake wa Burundi kambini. Kiingereza kilikuwa kinamwingia. Lugha nne mdomoni, ya tano njiani, na kwenye karatasi ya shule aliandikwa kama mtu asiye na lugha ya pili. Mama yake aliniuliza: "Dada, wamesemaje kuhusu zile bulteni?" Nilitafuta maneno ya kutafsiri jambo lile nikayakosa. Nikamwambia wataziangalia.

Sheria ya Texas inamruhusu mwanafunzi kusoma bure hadi miaka 21. Lakini kijana wa miaka 18 aliyekaa na watoto wa 14, anayesoma upya aljebra aliyokwisha kuifaulu kwa Kifaransa, anazisikia siku zikimpita. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha aliacha. Siku hizi anapanga mizigo usiku kwenye ghala. Tukikutana ngazini ananiamkia, "Shikamoo mama," nami naitikia huku nikiwa na deni naye moyoni.

Nasema deni kwa sababu baadaye, mwaka mzima ukiwa umeshapita, nilikuja kugundua kwamba kanuni za jimbo hili zinamruhusu mwanafunzi kupata krediti kwa kufanya mtihani bila kukaa darasani. Asiyefundishwa somo hilo huku anatakiwa kupata alama 80 kwa 100. Viwango vyenu vya lugha havikuandikwa kwa ajili ya Kihispania peke yake. Vinapima kiwango cha kusikia, kusema, kusoma na kuandika, na Kiswahili kinaingia humo bila kubadilisha hata mstari mmoja. Zaidi ya hayo, bodi hiihii ilishaweka sifa maalumu inayoandikwa kwenye hati ya matokeo ya mwanafunzi aliyethibitisha umahiri wa lugha mbili. Vyuo vinaiona, waajiri wanaiona. Kijana wetu angeingia kwenye mtihani wa Kifaransa asubuhi na wa Kiswahili mchana, na masharti ya lugha yangekuwa yamekwisha kabla ya Krismasi ya kwanza. Zile saa za darasa angezitumia kujifunza Kiingereza.

Kwa hiyo mlango upo, tena mliujenga ninyi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mzazi kwamba upo, na sharti la kuifanya kila wilaya ya shule iufungue. Nimeuliza kwa wazazi wa Kiswahili hapa Houston, nikapiga simu kwa ndugu walioko Fort Worth, Abilene na Amarillo. Wengi waliniambia neno lilelile: "Hatukuambiwa." Mmoja tu, ambaye binti yake alikuwa na mwalimu mwenye kufuatilia, alisema binti alifanya mtihani na akapata. Haki ya mtoto haipaswi kusubiri bahati ya kumpata mwalimu wa aina hiyo.

Ipo sheria nyingine, ambayo najua ilitungwa na Bunge, si bodi. Wilaya ya shule yenye watoto 20 au zaidi wa lugha moja katika ngazi moja ya darasa, shule zake zote zikijumlishwa, ambao bado wanajifunza Kiingereza, inatakiwa kuwa na mpango wa kufundisha kwa lugha mbili katika shule za msingi. Ikikosa walimu wenye vyeti, inaomba kuachiliwa sharti hilo. Sijawahi kuingia shule yenye mpango huo kwa Kiswahili, na nimeingia nyingi. Kanuni za vyeti vya walimu zinatungwa na bodi nyingine, lakini ni lazima ziletwe mezani kwenu, na theluthi mbili yenu wanaweza kuzikataa. Katika maghorofa haya wapo watu waliofundisha miaka 10, miaka 15, Uvira, Bukavu, Kigoma. Mmoja anaosha vyombo hotelini. Siombi wapewe darasa kesho bila kupimwa. Naomba anayetaka kukaa kwenye kiti hiki aniambie ni njia gani atakayoipigania ili mwalimu wa namna hiyo afike darasani kabla nguvu hazijamwishia.

Sasa niseme habari ya darasa la sita, kwa sababu hii ndiyo inayonikosesha usingizi mwaka huu.

Watoto wa Texas wamekuwa wakisoma darasa la sita somo la tamaduni za dunia. Binti yangu wa pili alilisoma mwaka wa masomo uliopita. Siku moja mwalimu aliwagawia ramani ya Afrika isiyo na majina, mipaka tu na maziwa yaliyopakwa buluu. Wenzake walikuwa wanatafuta Misri. Yeye akaweka penseli kwenye ule mstari mwembamba wa buluu katikati ya bara, akaandika Tanganyika. Upande wa kushoto akaandika Uvira, upande wa kulia Kigoma, juu Bujumbura. Mwalimu akamwomba asimame aeleze. Akaeleza kwamba bibi yake alivuka ziwa lile usiku mwaka 1996 ndani ya mtumbwi, mama yake akiwa mdogo amefunikwa na turubai. Huyo mdogo wa chini ya turubai ni mimi. Alirudi nyumbani na ile ramani, akaibandika kwenye friji, na ipo pale mpaka leo. Mtoto ambaye tangu chekechea alikuwa akiniambia "Mama, usiongee Kiswahili mbele ya shule" sasa ananiuliza majina ya milima ya Itombwe.

Septemba 2025 bodi ilipitisha, kwa kura 8 kwa 7, mpangilio mpya wa masomo ya jamii. Historia ya Texas na ya Marekani imepewa nafasi kubwa zaidi, historia ya dunia na tamaduni zake imepunguzwa, na lile somo la darasa la sita haliko tena kwenye mpangilio. Viwango vyenyewe bado vinaandikwa, na watakaovipitisha, kuvirekebisha au kuvisimamia miaka ijayo ni wajumbe wa bodi hii. Nawasikia wanaosema mtoto wa Texas aijue Texas kwanza. Nakubali. Wanangu wanaijua Alamo, wanaijua Juneteenth na jinsi habari ya uhuru ilivyochelewa kufika Galveston hadi Juni 1865, na mimi mwenyewe nilijibu maswali ya historia ya nchi hii mbele ya afisa wa uhamiaji. Lakini watoto wa jengo letu wanatoka Kongo, Burundi, Honduras, Afghanistan, Guatemala. Dunia iko kwenye ngazi zao kila asubuhi. Mtoto aliyezaliwa hapa anayepanda basi moja nao anahitaji kujua wenzake wametoka wapi, na ni afadhali akafundishwe na mwalimu mwenye ramani kuliko aokoteze kwenye simu.

Mpangilio wa masomo unazaa vitabu, na neno moja ndani ya kitabu lina nguvu. Mwaka 2015 mama mmoja wa Pearland, hapa jirani na Houston, alipokea picha kutoka kwa mwanawe wa darasa la tisa. Ilikuwa ramani ndani ya kitabu cha jiografia cha McGraw-Hill, kimojawapo cha vile vilivyoidhinishwa na bodi mwaka mmoja kabla. Maelezo yalisema biashara ya utumwa ilileta mamilioni ya "wafanyakazi" kutoka Afrika kuja kwenye mashamba ya kusini. Wafanyakazi! Yule mama alipiga kelele hadharani, nchi nzima ikasikia, mchapishaji akakiri kosa na kubadilisha maneno. Nikiifikiria habari hii huwa najiuliza neno lile lilipita mbele ya macho mangapi likaonekana halina tatizo. Mtoto na simu yake ndio waliosimama pale ambapo wakaguzi walipita. Ndiyo maana nataka kwenye meza ile awepo mjumbe ambaye akiona neno kama hilo linamchoma.

Hizo kura 8 kwa 7 si za mara moja. Novemba 22, 2024, kwa idadi ileile, bodi iliidhinisha masomo ya Bluebonnet Learning, ya chekechea hadi darasa la tano, yenye hadithi na mafundisho mengi yaliyotoka kwenye Biblia. Wilaya hazilazimishwi kuyatumia, ila zikiyachukua zinaweza kupata hadi dola 60 kwa kila mwanafunzi, na wilaya isiyo na fedha haiwezi kuipuuza pesa hiyo. Mimi ni Mkristo wa kilokole, na nyumbani kwangu Biblia inasomwa kila usiku kwa Kiswahili. Mlango wa pili anakaa familia ya Kiislamu kutoka Kigoma, watu waliotulisha wiki yetu ya kwanza katika nchi hii. Imani ya wanangu ni kazi yangu na ya mchungaji wangu. Sipendi mtoto wa jirani yangu aliye na miaka sita aletewe mafundisho hayo na mwalimu wa kusoma, wakati mzazi wake hawezi kusoma barua inayomweleza kilichomo. Wengine kanisani kwangu hawakubaliani nami katika hili, na tumelizungumza kwa heshima.

Tofauti ya kura moja maana yake ni kwamba yeyote kati yenu anaweza kuwa ndiye mwenye kura hiyo. Mchujo, yaani kura ya vyama ya kuchagua wagombea wao, ni Machi 3, 2026. Si viti vyote vinavyogombaniwa mwaka huu, na maeneo mengi yamechorwa kiasi kwamba anayeshinda mchujo wa chama chake ameshafika. Kwa hiyo nawauliza sasa, wa vyama vyote viwili, na naomba majibu ya wazi.

Je, utapendekeza kanuni inayoilazimu kila wilaya ya shule kumwambia mzazi, kwa lugha anayoisikia na siku ileile anayomwandikisha mtoto, kwamba mtoto anaweza kupata krediti za lugha yake kwa mtihani? Iandikwe kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, kwa Kipashto, kwa lugha zilizopo kwenye foleni ya siku hiyo. Ni ukurasa mmoja. Nitaandika ule wa Kiswahili mwenyewe. Je, utataka wilaya zote ziripoti ni wanafunzi wangapi waliopata sifa ya lugha mbili na kwa lugha zipi, ili tujue nani anasahauliwa? Na kuhusu masomo ya jamii: utalirudisha somo la darasa la sita, au utahakikisha mahali gani hasa mtoto wa Texas atakutana na Afrika, mbali na ukurasa wa utumwa? Nataka unitajie darasa. Ukiniambia "itakuwemo ndani ya mada nyingine" nitajua kwamba haitakuwemo.

Na zile bulteni. Wilaya za shule zina wajibu wa kutathmini rekodi za mwanafunzi anayetoka nje. Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Mahama: kambi hizi zina shule, zina mitihani, zina walimu wanaosahihisha madaftari chini ya maturubai. Jimbo lenye mfuko wa kudumu wa shule ulioanza mwaka 1854 na dola milioni 2, na ambao leo umepita dola bilioni 50, haliwezi kukosa watu wachache Austin wa kusoma karatasi ya Kifaransa na kuwaeleza washauri wa shule nini kilichoandikwa. Bodi inaweza kulisemea hilo kwa kamishna na kwa Bunge. Je, utalisema?

Jumamosi ya Februari 14, siku tatu kabla kura za mapema hazijaanza, wazazi tutakutana kwenye ukumbi wa kanisa letu saa nane mchana. Watakuwepo Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wachache, na majirani zetu Waislamu wamekwisha kusema watakuja. Mialiko tumeipeleka kwenye ofisi zenu za kampeni. Kila mgombea atapewa dakika kumi, kisha wazazi watauliza. Yule mama wa bulteni ameomba awe wa kwanza. Atakuja nazo, kwenye mfuko uleule. Chai ya tangawizi itakuwepo na maandazi, na mkalimani tutamweka sisi.

Wenu,

Mama wa watoto watatu, mpiga kura wa Kaunti ya Harris